Meno ya Mwadui na Historia ya Sigara

Ukitaja Mwadui popote pale nchini, watu hufikiria almasi. Watakukumbusha yule Mkanada, Dakta John Williamson, aliyeugundua mwamba wa almasi mwaka 1940, na watakusimulia habari ya jiwe la rangi ya waridi lililopatikana mwaka 1947 na kupelekwa Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Habari hizo ni nzuri, nazo zimekwisha simuliwa vya kutosha. Wiki hii, ndugu msikilizaji, na wewe utakayeyasoma maneno haya gazetini, nataka tuzungumze juu ya meno. Nayo si meno ya wakubwa. Ni meno ya dereva wa tingatinga, ya mama muuza samaki pale Maganzo, na ya mchimbaji mdogo anayechekecha kokoto kando ya uzio wa mgodi. Nataka tuyasome kama mwanahistoria anavyosoma nyaraka za kale, maana yana mengi yaliyoandikwa.

Maandishi ya kwanza ni ya maji. Mtu wa Shinyanga akicheka akiwa Dar es Salaam, mara nyingi hujulikana atokako kabla hajafungua kinywa kutaja kabila lake. Meno yake yana michirizi ya kahawia, na pengine yamemomonyoka. Wenzetu wa Arusha na Singida wanaijua aibu hiyo. Chanzo chake ni floridi, madini yaliyoyeyuka katika maji ya visima, na Shinyanga ni miongoni mwa mikoa iliyojaliwa madini hayo kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linasema lita moja ya maji isizidi miligramu 1.5 za floridi. Sisi mwaka 1974 tulijiwekea kipimo cha muda cha miligramu 8, kwa sababu tungefuata kile cha dunia, vijiji vizima vingekosa maji ya kunywa. Jambo la kukumbuka ni kwamba floridi hulichafua jino likiwa bado linaundwa ndani ya ufizi, utotoni. Mtu mzima akihamia Shinyanga leo, akanywa maji hayo hayo, meno yake hayatageuka kahawia. Na aliyekwisha kuchafuliwa hatakati, hata maji ya Ziwa Viktoria yaliyoletwa kwa bomba hadi Shinyanga na Kahama mwaka 2009 hayawezi kumfutia. Hiyo ni alama ya kudumu, na mwenyewe hana kosa.

Nimeanza na maji kwa makusudi. Watu wa kwetu wamezoea kuona kwamba mambo ya meno ni ya Mungu na ya ardhi. Mazoea hayo yameficha maandishi ya pili, ambayo ni ya moshi.

Tumbaku ni mgeni Afrika. Asili yake ni Amerika, na ilivuka bahari baada ya safari za Wazungu za karne ya 15 na 16. Lakini ni mgeni aliyekaribishwa upesi, akapewa kigoda. Burton na Speke walipofika Tabora mwaka 1857, tumbaku ilikuwa ya siku nyingi. Burton ameandika juu ya iwanza, ile nyumba ya wanaume katika vijiji vya Unyamwezi, ambamo watu walishinda wakizungumza na kuvuta kiko. Mwaka uliofuata Speke alikata kwenda kaskazini kupitia Usukuma hadi akaliona Ziwa, na njia hiyo yote ilikuwa ya watu wanaoijua tumbaku. Wazee wa Kisukuma waliosimulia hadithi usiku penye moto wa shikome walikuwa na ugoro wao uliosagwa, na asiye nao aliomba kwa jirani. Hata leo ukienda mnadani utamkuta bibi kizee na kikopo chake.

Hata hivyo tumbaku hiyo ya kale ilikuwa na breki zake. Ilibidi ulime, ukaushe, usage au utwange, utafute kiko, utafute kaa la moto. Mtu alivuta akiwa ametulia. Sigara ndiyo iliyoondoa breki. Mwaka 1880 kijana mmoja wa Marekani, James Bonsack, alibuni mashine ya kusokota sigara, na kazi iliyokuwa ikifanywa na vidole vya watu wengi ikawa ya chuma. Sigara ikawa rahisi, ikawa ndogo, ikaingia mfukoni. Kiwanda cha sigara cha Jinja, Uganda, kilianza mwaka 1928, na kutoka hapo bidhaa ikasambaa katika Afrika Mashariki yote. Vita Kuu ya Pili ikawafundisha vijana wetu wengi kuvuta jeshini, wakarudi nyumbani na sare, nishani na kikohozi.

Wakati huo huo ndipo Mwadui ilipoinuka. Tafakari, ndugu msomaji, hali ilivyokuwa. Mkulima wa pamba anayepata fedha mara moja kwa mwaka anaingia mgodini, anaanza kupokea mshahara. Kazi ni ya zamu, mchana na usiku. Usingizi unamnyemelea saa tisa za usiku, baridi ya Julai inamchoma, mwenzake anamnyoshea kipande cha sigara. Geita nako, katika machimbo ya dhahabu yaliyofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, mambo yalikuwa hayo hayo. Mahali penye zamu, vumbi na mshahara, sigara haihitaji kutangazwa sana.

Na majani yenyewe yakaanza kulimwa nyuma ya nyumba. Serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa karanga mwaka 1947, na Urambo ilikuwa moja ya sehemu zake. Karanga zikashindwa vibaya. Baada ya mradi kufa, ardhi ya Urambo ikageuzwa kwa tumbaku, na zao hilo likaenea hata Kahama. Kiwanda cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wetu, kikataifishwa mwaka 1975, kikauzwa tena kwa wageni katika miaka ya 1990. Kwa hiyo kwa miaka ishirini hivi sisi wenyewe ndio tuliokuwa wakulima, wenye kiwanda, wavutaji na wagonjwa. Wizara moja ilipiga hesabu ya mapato, nyingine ikapiga hesabu ya vitanda. Simlaumu mkulima wa Kahama, kwa maana tumbaku imesomesha watoto wengi. Nasema tu kwamba ukitaka kujua moshi uliingiaje vinywani mwetu, hukuja na mtu mmoja mbaya.

Nilikuwa shule ya msingi nilipoona meno ya mjomba wangu yakimtoka. Alikuwa fundi katika karakana ya mgodi, mtu wa mzaha, mwenye sigara isiyokauka kidoleni. Alikuwa hajafikisha miaka arobaini na mitano. Jambo lililotushangaza ni kwamba hayakuwa na tundu. Yalikuwa meno mazima, ya kahawia kama yetu sote, ila yalilegea moja moja kama miti ya uzio iliyoliwa na mchwa chini. Hayakumwuma, wala fizi hazikutoka damu. Siku moja aliuma muhogo, jino likabaki kwenye muhogo. Mama alimwambia aende hospitali. Akamjibu, "Dada, unahangaika bure. Hata baba yetu alikufa kibogoyo. Huu ni ukoo." Mama akanyamaza, kwa kuwa ni kweli babu alikufa kibogoyo. Babu naye alivuta kiko maisha yake yote, lakini hilo hakuna aliyelitaja.

Neno hilo, "huu ni ukoo", ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya. Lina historia ndefu kuliko mjomba wangu, na lilipata kusemwa na mtu aliyekuwa na elimu kuliko sote.

Mwaka 1950 Waingereza wawili, Richard Doll na Bradford Hill, walichapisha uchunguzi wao uliohusisha sigara na saratani ya mapafu. Makampuni ya sigara yalishtuka. Aliyejitokeza kuwapinga hadharani alikuwa Ronald Fisher, bingwa wa takwimu na wa elimu ya urithi, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa karne ya 20. Fisher mwenyewe alikuwa mvuta kiko, na alikuwa mshauri wa umoja wa watengenezaji wa sigara. Mwaka 1958 aliandika kwamba inawezekana kabisa sigara haina kosa lolote: huenda kuna jeni inayomfanya mtu apende kuvuta, na jeni hiyo hiyo ndiyo inayomletea saratani. Akaleta ushahidi wa mapacha: mapacha waliofanana kabisa walielekea pia kufanana katika kuvuta. Kwa lugha ya mjomba, Fisher alisema, huu ni ukoo.

Mwaka huo huo wa 1958, mwezi Januari, Dakta Williamson alifariki Mwadui kwa saratani ya koo, akiwa na miaka 50 tu. Sitaki kumhukumu marehemu, kwa maana saratani ya koo ina njia nyingi za kuja. Nayataja haya mawili pamoja kwa sababu yanaonyesha ulimwengu ulikuwa wapi wakati mgodi wetu ulipokuwa katika ujana wake. Tajiri wa almasi na kibarua wake walikuwa sawasawa mbele ya moshi, na mtaalamu mkubwa alikuwa akiwaambia wote wawili wasiwe na wasiwasi.

Hoja ya Fisher ilishindwa. Januari 1964 Mganga Mkuu wa Marekani alitoa taarifa yake mashuhuri kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu. Fizi zilisubiri zaidi. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliopitia takwimu za watu wazima wa nchi yao walieleza kwamba mvutaji ana uwezekano wa karibu mara nne wa kuwa na ugonjwa wa fizi kuliko asiyevuta kabisa, na kwamba zaidi ya nusu ya ugonjwa huo kwa Wamarekani wazima ungeweza kuhesabiwa kwa sigara. Taarifa ya Mganga Mkuu ya mwaka 2004 ndiyo iliyotamka wazi kwamba sigara inasababisha ugonjwa huo. Miaka arobaini kamili baada ya mapafu! Jino haliui upesi, basi halipati wakili.

Hebu tueleze ugonjwa wenyewe. Jino halikukitwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Limefungwa kwa nyuzi nyingi ndogo, imara, kama kamba zinazofunga hema. Ukoga unapokaa kwenye shina la jino, bakteria huzaliana humo, na ukikaa zaidi hugeuka ugaga mgumu kama chokaa. Mwili huja kupigana: damu hujaa, ufizi huvimba, hutoka damu ukiguswa na mswaki. Hapo bado mambo yanarekebishika. Vita hivyo visipokoma, askari wa mwili wenyewe huanza kuharibu nyumba wanayoilinda. Kamba hukatika, mfupa hulika, mfuko huundwa kati ya jino na ufizi, na jino likabaki likining'inia.

Lakini si kila mwenye ukoga hufikia huko. Hili lilichunguzwa hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Denmark wakishirikiana na wenzao wa Afrika Mashariki waliwapima watu wazima Tanzania, na vilevile wakazi wa Machakos, Kenya. Vitabu vya Ulaya wakati ule vilidai kwamba Mwafrika asiyepata huduma ya meno lazima fizi zimwangamize. Wao wakakuta ukoga na ugaga tele, fizi zinazotoka damu karibu kwa kila mtu, na bado watu wengi walikuwa na meno yao hadi uzeeni. Uharibifu mkubwa ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache. Nadhani hilo ni moja ya mambo yenye maana kubwa yaliyopata kujifunzwa kutoka vinywa vya wanavijiji wa Afrika: uchafu peke yake hautoshi kueleza. Kuna kitu kingine kinachoamua nani apoteze na nani abaki.

Urithi ni sehemu ya hicho kitu kingine, sikatai. Fisher na mjomba hawakuota bure. Lakini elimu ya urithi yenyewe imesonga mbele, na imefika mahali ambapo wala Fisher asingepatarajia.

Nitatumia mfano wa Mwadui. Mnaoufahamu mji ule mnajua ulivyokuwa na mageti na vibali. Ramani ya mji ni moja kwa wote. Lakini mtu wa karakana hakuingia kwenye jengo la kuchambulia almasi, wala mpishi wa klabu hakuingia stoo ya baruti. Kilichoamua ni geti lipi limefunguliwa na lipi limefungwa. Seli za mwili ni hivyo hivyo. Seli ya ufizi na seli ya jicho zina vinasaba vile vile, kitabu kile kile cha jeni. Tofauti yao ni jeni zipi zimefunguliwa zifanye kazi na zipi zimefungwa. Moja ya kufuli zinazotumika ni alama ndogo sana ya kikemia iitwayo methili, ambayo hubandikwa juu ya vinasaba bila kubadili herufi hata moja ya maandishi. Mara nyingi alama hiyo ikiwepo mahali penye kuanzisha jeni, jeni hunyamaza. Ikiondolewa, jeni husema.

Basi moshi wa sigara huingia na kuvuruga kufuli hizo. Mwaka 2016 kundi la watafiti wa nchi kadhaa walichapisha uchunguzi wa damu ya watu karibu 16,000. Walikuta kwamba alama za methili za wavutaji zinatofautiana na za wasiovuta katika zaidi ya jeni 7,000, yaani kama theluthi moja ya jeni zote za binadamu zinazojulikana. Miongoni mwa zilizoguswa vibaya zaidi ni ile iitwayo AHRR. Kazi yake ni kama breki: mwili una kengele inayolia ikikutana na sumu za moshi, na jeni hii huizuia kengele isilie kupita kiasi. Kwa mvutaji alama zilizokuwa juu ya breki hiyo hupungua sana, hata mtaalamu anaweza kuitazama damu na kusema, huyu ni mvutaji, bila kumwuliza neno.

Hiyo ni damu. Mdomo je, ambako moshi unapita ungali wa moto? Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walieleza habari za wanawake 790 waliozaliwa mwaka 1946, ambao walisuguliwa ndani ya shavu kwa kijiti walipokuwa na miaka 53. Mabadiliko ya alama hizo katika seli za mdomo yalikuwa mengi mno kuliko yale ya damu, na yalifanana na yanayoonekana katika seli zilizogeuka saratani. Mwaka 2017 Wakorea wakaenda kwenye fizi zenyewe. Walichukua vipande vidogo vya ufizi kutoka kwa wagonjwa wa fizi wanaovuta na wasio wavutaji, wakalinganisha. Tofauti iliyojitokeza ilikuwa katika jeni zinazosimamia ule wavu wa nyuzi unaoshikilia nyama ya ufizi, na ilikwenda pamoja na mabadiliko ya alama za methili. Zile kamba za hema nilizozitaja, ndizo hizo. Uchunguzi huo ulikuwa mdogo, wa kuanzia, na sipendi tuukuze kuliko wenyewe walivyoukuza. Lakini unaelekeza kidole mahali panapoeleweka: moshi hauwachochei bakteria tu, unaingia hata kwenye ofisi inayotoa amri za kukarabati ufizi, na kuchanganya mafaili.

Sasa rudi kwa Fisher. Mwaka 1958 jeni ziliitwa mahakamani kuitetea sigara. Leo zimerudi kizimbani, na zinatoa ushahidi dhidi yake. Mtu anayesema "huu ni ukoo" anadhani jeni ni kama rangi ya floridi, ikishaingia imeingia. Kumbe herufi za ukoo ni jambo moja, na kufuli zilizowekwa juu yake ni jambo jingine, na kufuli nyingine anaziweka mwenyewe kila anapowasha kiberiti. Mjomba alirithi kitabu kutoka kwa babu, ndiyo. Alirithi pia tabia ya kukaa na moshi mdomoni. Cha pili hakikumo kwenye damu.

Na kufuli zinafunguka. Uchunguzi ule wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya alama zilizovurugwa hurudi katika hali ya mtu asiyevuta ndani ya miaka mitano ya kuacha. Kuna chache ambazo bado zilionekana hata baada ya miaka 30. Mwili una mafaili yasiyofutika. Takwimu za Wamarekani nilizozitaja zinakubaliana: kwa watu walioacha kwa miaka 11 hivi, hatari ya ugonjwa wa fizi ilikuwa imekaribiana na ya mtu ambaye hakuwahi kuvuta. Mfupa uliokwisha liwa haurudi kirahisi, hilo tusidanganyane. Lakini yale meno yaliyobaki huweza kubaki.

Nimepokea barua kutoka kwa msikilizaji mmoja wa wilaya ya Kishapu, naye ananieleza jambo ambalo nimelisikia kwa wengine pia. Anasema alivuta miaka 22 bila fizi kumsumbua. Aliacha Februari kwa kusihiwa na mkewe. Haukupita muda, anaposwaki anatema damu. Wenzake kijiweni wamemwambia sigara ilikuwa dawa, na kwamba mwili wake umeizoea, airudie kidogo kidogo. Anauliza wanasema kweli?

Hapa ndipo mazungumzo yetu yote yanapokutana. Sigara hubana mishipa midogo ya damu katika ufizi, na mvutaji wa siku nyingi hujikuta ana mishipa michache inayofanya kazi. Ufizi wake huonekana mgumu, umepauka, hautoi damu. Mtu hujisifu kwamba ana fizi imara, kumbe ni kama nyumba ambayo king'ora chake kimekatwa waya. Ugonjwa unaendelea chini kwa chini, na kwa kuwa hakuna damu hakuna anayekwenda hospitali. Ndivyo mjomba alivyopoteza meno bila kujua kuwa anaumwa. Anapoacha, mishipa hufunguka, damu hurudi, na king'ora huanza kulia ndani ya majuma machache tu. Madaktari wa Ulaya wamewapima walioacha na wakaona hivyo hivyo: kutoka damu kuliongezeka hata ingawa usafi wa kinywa ulikuwa umeboreka kidogo. Damu ile haikuletwa na kuacha. Ugonjwa ulikuwepo tangu Februari na kabla ya Februari. Sasa ndio umeonekana.

Nasikitika kufikiria ni wangapi wamerudia sigara kwa sababu ya damu hiyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikadiria Watanzania wazima wanaotumia tumbaku kuwa milioni 2.6, wanaume wakiwa wengi mno kuliko wanawake. Tunayo sheria ya tumbaku tangu mwaka 2003, na mkataba wa dunia tuliridhia mwaka 2007. Maneno ya kwenye pakiti yanamwambia mvutaji juu ya mapafu na moyo. Sijapata kuona duka la Maganzo ambamo mtu anayenunua sigara moja moja ameambiwa chochote juu ya fizi, na hata pakiti yenyewe haioni, maana sigara imekwisha tolewa ndani.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kishapu, jibu langu ni kwamba usiirudie. Mama yake na mkeo wote wawili wako upande wako. Usiache kuswaki kwa kuogopa damu. Swaki taratibu, asubuhi na usiku kabla ya kulala, iwe kwa brashi au kwa mswaki wa mti uliotafunwa ncha ikawa laini, hadi kwenye shina la jino, ndani na nje. Kisha nenda kwenye kitengo cha meno cha hospitali ya wilaya au ya mkoa, umwambie daktari maneno mawili: kwamba fizi zinatoka damu, na kwamba ulikuwa mvutaji kwa miaka 22. Hilo la pili usilifiche kwa haya. Mwombe apime kina cha mifuko ya fizi na aondoe ugaga, hata ule ulio chini ya ufizi. Akikuambia jambo lako ni kung'oa tu, uliza kwanza kama jino linatikisika kiasi gani. Na wale wenzako wa kijiweni, waulize wao fizi zao zilitoka damu lini mara ya mwisho. Wakisema hazijawahi, waambie waje nawe.